LUKU na namba zilizokwisha: ile kompyuta ndogo ukutani kwako inafanyaje kazi, na nani anaisimamia?

Wadau, tarehe 24 Novemba 2024 ilipita kimya kimya hapa Bukoba na kule Muleba. Hakuna aliyepiga vigelegele. Lakini siku hiyo hesabu moja iliyoanza tarehe 1 Januari 1993 ilifika mwisho wa namba zake, na ikafika mwisho kwa makumi ya mamilioni ya mita za umeme duniani, kuanzia Afrika Kusini hadi Rwamishenye.

Wengi wetu tuliona upande mmoja tu wa jambo hili, yaani usumbufu. Mwaka 2024 ulinunua umeme kama kawaida, na badala ya kupata tarakimu 20 ulizozoea, ukaletewa makundi matatu ya tarakimu 20. TANESCO wakasema ingiza la kwanza, kisha la pili, halafu la tatu ndiyo umeme wako. Kuna watu waliodhani ni matapeli, na kwa jinsi meseji za "tuma kwa namba hii" zilivyotuzoesha, siwalaumu. Tangazo lilisema ni "maboresho ya mfumo". Sawa, lakini maboresho ya nini? Hilo ndilo nataka tulichambue leo, kwa sababu ndani yake kuna jambo kubwa kuliko LUKU.

Tuanze na tokeni yenyewe. Mfumo wa LUKU unafuata utaratibu wa kimataifa unaoitwa STS, uliozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990. Zile tarakimu 20 si namba za kubahatisha. Ukizifungua kwa ufunguo wa siri uliomo ndani ya mita yako, unakuta vipande kadhaa: kiasi cha yuniti, namba ya kuhakiki kama hujakosea kubonyeza, na muhuri wa wakati. Muhuri huo unasema tokeni ilitengenezwa dakika ya ngapi tangu 1 Januari 1993. Kazi yake ni kuzuia ujanja. Mita inakumbuka mihuri ya tokeni ilizopokea karibuni, hivyo ukiingiza tokeni ileile mara mbili inakataa, na ukileta ya zamani kuliko zote inazozikumbuka inakataa pia.

Sasa tatizo. Muhuri huo ulipewa nafasi ya biti 24. Biti ni kama swichi ya taa, imewaka au imezimwa. Swichi 24 zinaweza kupangwa kwa namna 16,777,216 tu. Dakika milioni 16 na ushee ni kama miaka 32 kasoro mwezi mmoja hivi. Ukihesabu kutoka mwanzo wa 1993 unaangukia 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita inaona tokeni mpya kama ya kale kuliko zote. Inaitupa nje. Ndiyo maana ya yale makundi mawili ya mwanzo: yalibadili ufunguo wa mita, yakafuta kumbukumbu ya mihuri ya zamani na kuifanya ianze kuhesabu kutoka 2014 badala ya 1993.

Msomaji mmoja atauliza, hivi hao wahandisi walikuwa hawajui kuhesabu? Walijua sana. Shida yao ilikuwa ufinyu. Tokeni lazima ibonyezwe kwa mkono na bibi wa Kamachumu mwenye miwani, kwa hiyo haiwezi kuwa na tarakimu 60 kila siku. Ndani ya tarakimu 20 lazima waingize yuniti, ulinzi na wakati. Na chipu ya mita ya enzi zile ilikuwa na memori ya kubania. Wakaamua biti 24 zinatosha miaka 30, na miaka 30 ni mingi. Ndivyo ilivyo kazi ya vifaa hivi: kila biti inagombewa.

Hapa ndipo tunapoingia kwenye kiini. Ile mita ukutani ni kompyuta. Haina kioo kikubwa wala mausi, lakini ina chipu, memori na programu. Mafundi wanaziita kompyuta zilizopachikwa, kwa sababu zimefichwa ndani ya kifaa kingine. Mtu wa kijijini aliyeunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 amewekewa kompyuta nyumbani, hata kama hajawahi kukanyaga kafe.

Ila ni kompyuta ya tabia tofauti kabisa na hiyo unayotumia kusoma hapa. Mashine ya kafe ina memori ya gigabaiti kadhaa. Chipu maarufu ya wanafunzi, ile ya ubao wa Arduino Uno, ina memori ya kazi ya kilobaiti 2 tu na kilobaiti 32 za kuhifadhi programu. Picha moja uliyopiga kwa simu ni kubwa kuliko hiyo yote mara mia. Halafu kuna tofauti ya pili, na ndiyo muhimu zaidi: mashine ya kafe ikiganda, unamwita mhudumu, anaizima na kuiwasha, unaongezewa dakika tano, yamekwisha. Mita haina mhudumu. Na kuna mambo ambayo ikichelewa nusu sekunde tu, pesa yako imepotea.

Chukua mfano wa umeme kukatika, jambo ambalo wakazi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba na Muleba ulikuwa ukivuka mpaka kutoka Uganda, Masaka mpaka Kyaka kwa msongo wa kilovolti 132, mbali na gridi ya Taifa. Ndiyo maana mradi wa njia ya Benaco hadi Kyaka unazungumzwa sana huku kwetu. Katika mkoa wa namna hiyo umeme hukatika bila kubisha hodi. Sasa jiulize: ukikatika, mita inakumbukaje kwamba ulikuwa umebakiza yuniti 14.3?

Wengi watajibu, si inaandika kila mara? Haiwezi. Memori ya kudumu iliyomo kwenye vifaa hivi huchakaa kwa kuandikwa. Nyingi zinavumilia kuandikwa mara laki moja, nyingine hadi milioni. Mita ikiandika salio kila sekunde mahali palepale, memori ya laki moja inakwisha kwa saa zisizofika 28. Ya milioni inakufa kabla ya wiki mbili. Kwa hiyo njia moja wanayotumia watengenezaji ni hii: salio linakaa kwenye memori ya muda, na chipu inauangalia umeme kama mlinzi. Dalili ya kwanza tu ya kukatika, inaacha kila kitu na kuandika salio haraka, ikitumia chaji kidogo iliyobaki kwenye kapasita. Kuandika huko kunachukua milisekunde kama 5, na chaji ile inadumu sehemu ndogo ya sekunde. Ukiwahi, mteja anakuta yuniti zake. Ukichelewa, anakuta zimepungua au zimevurugika, na kesho yuko ofisini anagombana na mhudumu asiyejua lolote.

Huo ndio wakati halisi. Watu wanadhani maana yake ni kasi. Siyo. Maana yake ni kutimiza ahadi ya muda. Kompyuta yenye kasi ya ajabu ambayo mara moja kwa mwezi inachelewa sekunde mbili haifai kazi hii. Chipu ya polepole ambayo kila siku, kila saa, inajibu ndani ya milisekunde 10, inafaa. Ni kama basi. Wewe wa Nshamba unayewahi meli Kemondo hutafuti dereva anayekimbiza gari kama kichaa, unatafuta anayeondoka saa aliyosema.

Sasa ndani ya chipu moja kuna kazi nyingi zinazogombania. Kuna kupima volti na mkondo, mara maelfu kwa sekunde. Kuna kusoma vibonyezo, kuandika namba kwenye kioo, kukata umeme yuniti zikiisha, na kumlinda yule mlinzi wa kukatika. Chipu inaweza kufanya jambo moja tu kwa wakati. Nani aamue ipi itangulie? Katika vifaa vidogo kabisa programu inazunguka tu, kazi moja baada ya nyingine, kama mzee anayekagua migomba yake. Kazi zikiongezeka, mzunguko huo unachoka, na hapo ndipo unaingia mfumo endeshi wa wakati halisi, ambao mafundi huuita RTOS.

Huo ni mnyapara mdogo. Kila kazi inapewa cheo. Yenye cheo kikubwa ikiita, yenye cheo kidogo inasimamishwa hapo hapo, hata ikiwa katikati ya sentensi, kisha inarudishwa baadaye pale ilipoachia. Kupima umeme kunatangulia, kioo kinasubiri. Wala mnyapara huyu si mkubwa. FreeRTOS, ulioanzishwa na Richard Barry mwaka 2003 na kuchukuliwa na Amazon mwaka 2017, kiini chake kinakaa ndani ya kilobaiti chache. Ni wa bure na programu yake iko wazi kwa kila mtu. Upo ThreadX, ambao Microsoft waliununua mwaka 2019 na baadaye kuukabidhi kwa taasisi ya Eclipse. Upo Zephyr, ulioletwa na Linux Foundation mwaka 2016. Na kama umewahi kumiliki kitochi chenye chipu ya MediaTek, kuna uwezekano mkubwa uliishi na mfumo uitwao Nucleus miaka yote hiyo bila kujua jina lake. Unadhani kwa nini kitochi kilikuwa kinawaka haraka na kukaa na chaji wiki?

Lakini vyeo navyo vina matatizo yake. Fikiria jiko lenye kisu kimoja. Mama anakitaka amenye ndizi za mchana. Kisu anacho mtoto mdogo, bado dakika moja amalize. Kabla hajamaliza, kaka mtu anamtuma dukani. Mtoto anamtii kaka, anaondoka na kisu mkononi. Matokeo yake mama, mkubwa wa wote humo ndani, anasubiri kwa sababu ya amri ya kaka! Hakuna aliyevunja heshima, lakini chakula kimechelewa.

Jambo hilihili liliwahi kutokea kwenye sayari ya Mars. Chombo cha Marekani, Pathfinder, kilitua huko tarehe 4 Julai 1997, kisha kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe. Kazi ya cheo cha juu ilikuwa ikisubiri kitu kilichoshikiliwa na kazi ya cheo cha chini, na za katikati zikawa zinaichelewesha ile ya chini. Mlinzi wa ndani akiona kazi kubwa haijamaliza kwa wakati, anawasha upya mfumo mzima. Wahandisi walioko duniani waligundua na kurekebisha kwa kutuma mabadiliko angani. Dawa ilikuwa rahisi kuieleza: mtoto akiwa na kisu ambacho mama anakihitaji, mtoto aazimwe cheo cha mama mpaka akirudishe. Kaka hawezi tena kumtuma.

Kwa nini nayasema haya kwenye ukurasa wa habari? Kwa sababu tumezoea kujadili umeme kama suala la nguzo, transfoma na wanasiasa. Sehemu inayogusa mfuko wako moja kwa moja, yaani programu iliyomo ndani ya mita, hakuna anayeijadili.

Angalia jinsi zoezi la 2024 lilivyokaa kwa mkoa wetu. Wote tunajua kwamba kijijini kwetu kuna nyumba nzuri ambazo hufungwa mwaka mzima. Wenyewe wako Dar, Mwanza, Kampala au Ulaya, na hufunguliwa Desemba familia ikija kula Krismasi. Sasa hesabu ya mita iliisha 24 Novemba, mwezi mmoja kabla. Mita ya nyumba kama hiyo haikuzimika, na kama ilikuwa na yuniti za mwaka uliopita zingeendelea kutumika. Kilichokwama ni kupokea yuniti mpya bila kubadilishiwa ufunguo. Vilevile tokeni iliyonunuliwa zamani, ikaandikwa kwenye karatasi na kuwekwa kabatini "itatusaidia", baada ya hapo ni karatasi tu. Na mpangaji ambaye laini iliyosajiliwa ni ya mwenye nyumba? Tangazo lilitolewa kwa Taifa zima kwa sauti moja, lakini nani aliwaza maisha ya Muleba yalivyo?

Haki lazima itendeke: TANESCO hawakulianzisha tatizo hili, limetoka kwenye muundo wa kimataifa, na walilifanyia kazi kabla ya siku yenyewe. Mtu anayesema zoezi lilikuwa ujanja wa kuongeza bei anakosea. Na muundo wenyewe una uzuri wake. Mnakumbuka Mei 2021, mfumo wa kununua LUKU ulipokwama kwa siku kadhaa nchi nzima, hadi Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akaagiza wakuu wa TEHAMA wa shirika wasimamishwe? Kilichokufa ilikuwa mashine za kuuzia. Mita zenyewe ziliendelea kupiga kazi, kwa sababu hazitegemei mtandao. Mtu wa kisiwani Bumbire anaweza kusomewa tarakimu kwa simu, akaingiza, taa zikawaka. Kwa mazingira yetu hilo ni jambo la maana sana.

Ndiyo maana sasa, TANESCO wanapoleta mita janja zinazoongea na mtandao, tunapaswa kuuliza maswali mapema. Mita janja itapokea malipo bila kubonyeza chochote, vizuri. Lakini mtandao ukiwa haupo siku mbili, itakuwaje? Programu yake itaweza kubadilishwa kutoka mbali, nzuri pia, maana hitilafu itarekebishwa bila kupanda nguzo. Ila mlango wa fundi kuingilia ni mlango wa mwizi pia. Nani anaushika ufunguo, sisi au aliyeitengeneza?

Na kuna suala la uhakiki. Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana ya kuhakiki vipimo vinavyotumika kwenye biashara. Mizani ya zamani ya kahawa mkaguzi aliipima kwa jiwe la kilo, mkulima akiwa anaona. Leo mizani ni ya kidijitali, mita ni ya kidijitali, pampu ya petroli vilevile. Kipimo kimehamia kwenye programu. Jiwe la kilo bado linasaidia, lakini halikuambii kifaa kitafanya nini umeme ukiyumba, au siku namba zitakapokwisha. Kwa mtazamo wangu serikali, inaponunua vifaa kwa malaki, iweke sharti kwenye mkataba: tuambiwe programu ya ndani ni ipi, itatunzwa kwa miaka mingapi, na mtengenezaji akifunga kampuni nani ataendelea kuirekebisha. Kwa mifumo ya wazi kama FreeRTOS na Zephyr hilo linawezekana, kwa sababu mhandisi wa Kitanzania anaweza kuisoma mstari kwa mstari.

Waitu, tusidanganyane, watu hao bado ni wachache. Lakini hapa ndipo nafasi ya vijana ilipo. Chuo cha VETA cha mkoa kilichojengwa Burugo kwa msaada wa China kilizinduliwa mwaka 2022. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Kagera kupitia mradi wa HEET. Kama majengo haya yatafundisha kufungua mita na kubadili waya tu, tutaendelea kuwa wabadili waya.

Na usisubiri chuo. Kwa saa moja ya kafe unaweza kuanza. Fungua tovuti ya Wokwi, utapata ubao wa ESP32 wa kuigiza ndani ya kivinjari, hununui kitu. Programu ya ESP32 inaendeshwa juu ya FreeRTOS moja kwa moja. Andika kazi mbili, moja ya kuwasha taa kila nusu sekunde na nyingine ya kusoma kibonyezo. Zipe vyeo, kisha uvigeuze uone kinachotokea. Kitabu cha FreeRTOS kinapatikana bure, kipakue kwenye flashi ukasome nyumbani. Ukielewa kisa cha kisu kwa vitendo, utakuwa umeshika jambo ambalo wahandisi wa Mars liliwatoa jasho.

Mwisho, weka tarehe moja akilini. Hesabu mpya iliyoanzia 2014 nayo ina biti 24 zilezile. Piga mwenyewe: inaisha 24 Novemba 2045. Kijana mwenye miaka 20 leo, siku hiyo atakuwa anakaribia au amevuka 40, na pengine yeye ndiye atakuwa meneja wa TANESCO Kagera, au mwenye nyumba iliyofungwa Kamachumu. Swali ni kama siku hiyo tutakuwa tena tunasubiri makundi ya tarakimu kutoka kwa wengine, au tutakuwa na watu wetu waliojiandaa miaka kumi kabla.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyumbani kwenu zoezi la 2024 lilikwendaje? Kuna mwenye mita ambayo mpaka leo inagoma? Na wale mnaosoma umeme na kompyuta, hili la kuweka masharti ya programu kwenye mikataba mnalionaje, linawezekana au ni ndoto? Tupeni maoni hapo chini, kwa hoja siyo matusi.